Mpaka Kwenye Kiwiko

Tangu nirudi sijashona nguo ikaisha. Kila nikikanyaga cherehani anakuja mtu, anavuta kigoda, anauliza, "Ehe, Fundi Salumu, ilikuwaje huko?" Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikisimulia kuna jirani anaongeza chumvi. Juzi nimesikia kwamba huko Keko inasemekana Wabelgiji walinifunga miezi mitatu na kunilisha majani. Basi nimeamua kuandika. Atakayetaka habari asome, au asomewe, aniache nimalize suruali za watu.

Mambo ya tikiti na foleni nayaruka, hayana utamu. Mnachotakiwa kujua ni hiki. Dada yangu Tatu, mnayemkumbuka, alikwenda Usumbura, huko Urundi, kukaa na shangazi yetu Mwajuma baada ya baba kufariki. Ikaja barua: Tatu ameposwa na dereva wa lori aitwaye Ramadhani, nikahi ni Ijumaa baada ya sala, na Jumamosi bwana harusi anaondoka na lori lake kwenda Kongo, mke akiwa ubavuni. Baba hayupo, babu hayupo, na kaka wa Tatu ni mmoja, mimi. Wali wake, wa kumwozesha, ni mimi.

Maalimu wetu hapa Temeke alisema barua ya uwakala ingetosha, shehe wa huko angeozesha kwa niaba yangu. Nilikuwa nimekwisha kushika kalamu. Mama akaninyang'anya.

"Mwanangu haozwi na karatasi," alisema. "Utakwenda, umtazame huyo mwanamume usoni, umshike mkono, ndipo umpe."

"Lakini mama, kule kunatakiwa viza."

"Viza gani?"

"Ruhusa ya kuingia nchi ya Wabelgiji. Naambiwa inapatikana njiani, ukifika Kigoma."

"Viza ni yai bovu," mama akasema. "Watu gani hao, mpaka uwaonyeshe yai bovu ndipo wakukaribishe?"

Nilicheka. Nilidhani ni ujinga wa mama.

Mpaka Kilosa, na kukaa Kilosa

Niliondoka Jumamosi, daraja la tatu, na kikapu cha mama: kuku wawili wa kukaanga, mikate ya kumimina na maandazi ya kutosha kulisha msiba. Mbele yangu alikaa mwalimu mmoja wa misheni, mtu wa bara, anayerudi Tabora na mkewe. Suti yake ilikuwa imeshonwa vizuri isipokuwa bega la kushoto, na bega lile lilinisumbua safari nzima. Mtu wa kazi yangu hana raha duniani. Anaona mishono tu.

Tulipofika Kilosa gari likasimama. Tukaambiwa mvua imekula tuta la reli huko mbele na mafundi wanalijaza mawe. Tungeondoka baada ya saa moja. Saa moja ile ilianza Jumamosi ikaisha Jumapili alasiri.

Hapo ndipo kikapu cha mama kilipojulikana. Mimi si mchoyo, lakini nina kasoro moja: sijui kula peke yangu mtu ananitazama. Nilimkaribisha mwalimu. Akakubali, akafumba macho kushukuru kwanza, na akashukuru kwa kirefu, akiwataja wagonjwa, wasafiri, mfalme na mafundi wa reli, hata kuku akaanza kuonekana kama zawadi aliyoshushiwa yeye. Alipofumbua macho, behewa zima lilikuwa limesema amina na limekwisha nawa mikono. Sikuona hata shingo.

Mayai ya Tabora

Tabora wauzaji huja madirishani na asali, karanga na mayai ya kuchemsha. Mwalimu na mkewe walikuwa wanashusha mizigo, na mimi, katika kumuaga, nikasema kwa sauti, maana kelele zilikuwa nyingi, "Mwalimu, niombee. Bila viza safari yangu ni bure. Nikifika Kigoma cha kwanza ni viza."

Mama mmoja mwenye kikapu cha mayai alikuwa chini ya dirisha. Akageuka.

"Nani amekwambia nina viza?"

"Sikukutaja wewe, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekusikia. Unasema mayai ya hapa ni viza, ungoje ya Kigoma. Kwani haya yangu yana nini?"

Kabla sijajibu akavunja la kwanza, akalimenya, akaliinua juu watu walione. Jeupe, safi. Akavunja la pili. Watu wakaanza kukusanyika. Mwalimu, kwa roho nzuri, akaingilia: "Mama, viza anayosema ndugu yetu ni hati."

"Hati ya mayai?"

"Hati ya kuingilia nchi."

"Mwalimu mzima, unadanganya hadharani," yule mama akasema, akavunja la tatu.

Alipofika la saba filimbi ikalia, naye akayapitisha yote saba dirishani: yamemenywa kwa ajili yangu, basi ni yangu. Nikalipa kwa haya. Kutoka Tabora mpaka Kigoma nilikula mayai saba, mazima kabisa, wala sikupata hamu ya kulitaja neno viza mbele ya mtu.

Kigoma, kwa mtani

Kwa ajili ya Kilosa tulifika Kigoma Jumanne mchana, na meli ya Usumbura ilikuwa inaondoka alasiri ile ile. Nilikimbia mpaka ofisi ya Wabelgiji nikiwa na vumbi la mikoa minne.

Mlangoni alikaa tarishi ambaye pia ndiye mkalimani, mtu mnene mwenye koti la kaki lililombana kwapani. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Dar es Salaam, Temeke.

"Mzaramo?"

"Mzaramo. Na wewe?"

"Mimi Maganga. Mnyamwezi."

Basi mnajua wenyewe. Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana, hata kama nyumba inaungua, lazima kwanza watukanane.

"Karibu, mtumwa wangu," Maganga akasema, akiwa hajainuka. "Nakutafuta tangu babu yako alipotoroka na mzigo wa pembe."

"Mzigo aliubeba babu yako," nikamjibu. "Wangu alikuwa amekaa kivulini anakunywa dafu na kumhesabia hatua."

Akacheka mpaka kifungo kimoja cha koti kikaruka. Nilijisikia nimefika nyumbani. Nawaambia haya ili mjue kwamba sikuonewa. Mimi mwenyewe nilikuwa napalilia moto.

Ndani alikuwapo Mbelgiji kijana, mgeni nchini, mpole, aliyejifunza Kiswahili kitabuni huko kwao. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, hakina kunyanzi hata moja. Akauliza jina langu, nikamwambia. Akauliza, "Na kazi yako ni ipi?"

Kabla sijafungua mdomo, Maganga akasema nyuma yangu, "Huyu ni mtumwa wangu, bwana. Namtuma Usumbura."

Yule kijana akafungua kamusi ndogo, akapitisha kidole. "Kutuma. Kutumwa. Mtumwa," akasema, amefurahi kama mtoto aliyejibu hesabu. "Yaani mtu aliyetumwa. Ni kweli?"

Sasa nieleze, maana kuna waliolelewa vibaya. Mtani akikutania ukakana, umeshindwa. Ukikasirika, umeshindwa na utatozwa. Njia ya heshima ni kukubali na kuzidisha.

"Kweli, bwana," nikasema. "Tena ananitesa. Hata chakula hanipi."

Maganga akapiga meza, mimi nikacheka, na Mbelgiji akacheka kwa adabu, akaandika. Aliandika Kifaransa, mistari mirefu. Akanieleza kwamba karatasi ile ni ya kupandia meli na kushukia tu. Viza yenyewe nitapewa Usumbura nikiionyesha. Meli ikapiga honi. Nikatia sahihi yangu nzuri, ile yenye mkia, bila kuuliza imeandikwa nini.

Usumbura, ndani ya lango

Tulifika Jumatano asubuhi. Bandari ilikuwa imezungukwa na ukuta, na katikati ya ukuta lango la nondo. Nje ya lango ulikuwa mji wenyewe, na nje ya lango alikuwa shangazi Mwajuma, amejifunga kanga mbili, ananipungia mkono. Nilikuwa hatua hamsini tu kufika.

Ofisa wa pale alikuwa mzee mwenye miwani, amekaa sana Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Akasoma karatasi yangu mara mbili.

"Bwana yako iko wapi?" akauliza.

"Bwana gani?"

"Maganga. Hapa inaandikwa: mutumishi wa Bwana Maganga wa Kigoma, anatumwa Usumbura. Mutumishi anaingia na barua ya bwana yake. Barua iko wapi?"

Damu ikanipanda. Mimi, mwenye cherehani yangu mwenyewe, iliyolipiwa mpaka sindano.

"Mimi si mtumishi wa mtu. Maganga ni mtani wangu."

"Mutani ni nini?"

Jaribuni ninyi kumweleza Mzungu utani, huku nyumba ya harusi inawasubiri.

"Ni mtu anayeruhusiwa kukutukana," nikasema.

"Sababu gani?"

"Kwa sababu babu zake walipita kwetu na mizigo."

"Anakutukana, na wewe haukasirike?"

"Hairuhusiwi kukasirika."

Akavua miwani akaifuta. "Basi ni bwana yako," akasema. Akaamuru nikae kwenye ghala la kahawa, ndani ya lango, mpaka barua ije. Isipokuja, Ijumaa saa kumi na moja jioni meli inarudi Kigoma, na mimi ndani yake.

Nilitolewa nje na askari Mkongo aitwaye Kalombo, kijana mrefu mwenye shati lililopasuka kwapa. Akaniwekea gunia, akanionyesha nikae, akasema kwa upole, "Yaya, kuya ikala hapa."

Nikamgeukia. Kwa siku moja nilikuwa nimekwisha kuwa mtumwa na boi, na sasa yaya.

"Yaya? Nimelea watoto wa nani mimi?"

Kalombo akarudi nyuma. "Hapana kasirika, yaya. Kwetu yaya ni mukubwa wa muntu. Kaka. Weye ni mukubwa yangu."

Nikaona haya. Huku kwetu yaya ni mlezi wa watoto wa Wazungu. Kule ni heshima. Nikamwomba radhi, nikatoa sindano na uzi mfukoni, nikamwambia avue shati. Nilimshonea kwapa lile kwa mshono mdogo mdogo ambao hata Dar ungesifiwa. Tangu hapo aliniletea chakula: ugali wa muhogo na dagaa waliopikwa kwa mawese. Mtu wa nazi akionyeshwa mawese mara ya kwanza anadhani amepewa rangi ya mlango. Siku ya pili nililamba sahani.

Yule ofisa hakuwa mtu mbaya. Alikubali kupiga simu ya maandishi Kigoma kuuliza kama kweli nina bwana. Jibu likaja Alhamisi, akanisomea mwenyewe, neno kwa neno:

"Bwana wake anakubali ni wake. Anaomba atunzwe na arudishwe mzima."

Nilipopita Kigoma wakati wa kurudi, Maganga aliniapia kwamba alidhani yule kijana amejifunza utani na anamchokoza, naye akajibu kama ada. Namwamini. Lakini Alhamisi ile, juu ya magunia, ingawa utani ni utani na hairuhusiwi kukasirika, nilikasirika peke yangu kimyakimya mpaka masikio yakawaka.

Shangazi alikuja langoni mchana na sahani ya wali.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nisikilize. Mpe shehe uwakala, aozeshe msikitini, mambo yaishe. Si haramu."

"Najua si haramu."

"Sasa unangoja nini? Kesho saa kumi na moja utakuwa ziwani, na keshokutwa Ramadhani anaondoka. Unataka Tatu abaki hapa na hina mikononi?"

Semeni mtakavyo, niliogopa. Sikuwaogopa Wabelgiji. Niliogopa dada yangu aolewe hatua hamsini kutoka nilipo, nami nimekaa ghalani pamoja na magunia, nikisubiri kupakiwa. Tangu baba afe sikuwa nimemfanyia Tatu jambo lolote isipokuwa kumwandikia barua za kumwambia awe na adabu. Hili moja nilitaka kulifanya kwa mkono wangu.

"Shangazi," nikasema, "mwambie shehe, wakitoka msikitini waje wote hapa langoni."

Ijumaa, kwenye nondo

Walikuja saa nane. Shehe mbele, mwembamba, kilemba kimekaa vizuri, Ramadhani katika kanzu mpya, mashahidi wawili, wanawake nyuma, na katikati yao Tatu, amefunikwa. Makuli wakaacha magunia wakaja kutazama.

Shehe akapima lango kwa macho. "Nikahi haina sharti la nyumba," akasema. "Inataka wali, mume, mashahidi na maneno. Wali yuko, anasikika. Tuanze."

"Na mkono, shehe," nikasema. "Nimeagizwa nimshike mkono."

Nikapitisha mkono kati ya nondo. Kalombo akanidaka, uso wake umejaa huruma.

"Yaya, hapana. Mukono ikipita, weye umeingia Urundi. Bila viza. Miye nitafungwa."

Kukawa na ubishi mrefu, mpaka alasiri. Shangazi akasema Mungu hakuumba mpaka. Shahidi mmoja akasema Ramadhani ndiye apitishe mkono kwa ndani, lakini akikamatwa kwa kuingia bandarini bila kibali, lori litaendeshwa na nani? Mwisho Kalombo akakimbia ofisini, akarudi na yule mzee mwenye miwani, na kitabu kinene cha sheria mkononi.

Ofisa akasoma amesimama juani. Akafunua huku, akafunua kule.

"Mukono gani?" akauliza.

"Wa kulia, bwana."

Akasoma tena. Kisha akafunga kitabu, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mupaka kwenye kiwiko."

Kalombo akachukua uzi wangu mwenyewe, akanifunga juu ya kiwiko uwe alama, akafunga kwa fundo baya ambalo sikuthubutu kulirekebisha. Ofisa akasimama pembeni kuhakikisha.

Kwanza nilitakiwa kumuuliza Tatu. Wakamleta karibu. Nilikuwa sijamwona miaka mitano, na sasa niliona vidole tu.

"Tatu, ni mimi kaka yako. Unaozwa kwa Ramadhani. Umeridhia?"

Kimya.

"Kimya cha mwari ni ridhaa," shehe akasema.

"Mie sijanyamaza, shehe," Tatu akasema chini ya kanga. "Mie nalia. Nimeridhia. Lakini mbona kaka amekonda hivi?"

Wanawake wakacheka. Nikamtazama Ramadhani usoni kama nilivyoagizwa. Alikuwa anatoka jasho na hakukwepa macho. Pindo la kanzu yake lilikuwa limeshonwa kombo, mshono wa harakaharaka, na nikalisamehe papo hapo, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu. Nikatoa mkono mpaka kwenye uzi. Akaushika. Kiganja chake kilikuwa kigumu, kimejaa sugu za usukani.

"Nakuoza dada yangu Tatu," nikasema, "kwa mahari mliyokubaliana."

"Nimekubali kumuoa," akasema Ramadhani, na akanibana mkono hata vidole vikafa ganzi.

"Inaisha?" ofisa akauliza.

"Imekwisha, bwana," shehe akasema.

"Rudisha mukono."

Nikaurudisha. Vigelegele vikapigwa, makuli nao wakashangilia, na shehe akasoma dua. Ofisa akaniambia kwa haya kidogo kwamba akipata muda ataandika Kigoma juu ya viza yangu. Nikamshukuru. Meli ikapiga honi ya kwanza, Kalombo akanishika bega taratibu. Shangazi akaanza kuwakusanya watu waende kwenye pilau.

Tatu hakwenda. Akaja mpaka kwenye nondo, akafunua uso, na ulikuwa ule ule uso wa Temeke, umepakwa wanja uliokwisha haribika. Hakumuuliza mtu. Akaingiza mkono wake wenye hina ndani ya bandari, ukapita kiwiko, ukapita, mpaka bega likagonga chuma, akanikamata kola ya shati.

Ofisa alitazama mkono ule, akafungua kitabu chake, akageuka akaenda zake ofisini akisoma. Kalombo akawa anachunguza kwapa la shati lake. Nami nililia mbele ya watu, na sioni haya kuliandika.

"Kaka," Tatu akasema, "mie nilijua utatuma karatasi tu."

Meli ilipiga honi ya pili, na ya tatu, ndipo akaniachia.